Mvinyo Mweupe kwa Mbuzi wa Krismasi: Chimbuko la Lawama Isiyo na Msingi

Katika familia za Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Uswidi, chakula cha Krismasi kimezoea kuandamana na lawama moja, ambayo hutolewa kwa upole lakini hurudiwa kila mwaka: kwamba mwenyeji aliyeweka chupa ya mvinyo mweupe uliopozwa kando ya sinia la pilau na mbuzi wa kuchoma amekosea, kwa kuwa nyama, kama inavyodaiwa, huliwa na mvinyo mwekundu tu. Wanaoitoa lawama hiyo aghalabu ni watu waliokaa Ulaya muda mrefu, na huitamka kana kwamba ni sheria isiyohitaji kuulizwa ilikotoka. Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo haina msingi, kwamba kanuni inayotajwa ilizaliwa kutokana na sahani nyingine kabisa, na kwamba mwenyeji anayelaumiwa, ambaye kwa kawaida ameufikiria mlo huo kuliko wageni wake wote, ana haki ya kusikilizwa kabla chupa yake haijarudishwa jikoni.

Kanuni ya mvinyo mwekundu kwa nyama ina sababu yake, na ni haki kuieleza kabla ya kuipinga. Mvinyo mwekundu hupata rangi kwa kuwa maji ya zabibu huachwa yachachuke pamoja na maganda na mbegu, ilhali zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa mapema na maganda yakaondolewa. Ndani ya maganda na mbegu hizo mna tanini, yaani kemikali za mimea zinazoufanya ulimi ukakamae mtu anapotafuna ndizi mbichi. Kemikali hizo hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na huo ndio ukakasi wa mvinyo mwekundu. Nyama ya ng'ombe iliyookwa kwa chumvi na pilipili manga kidogo, ikiwa na mafuta yake, huupunguza ukakasi huo, na mvinyo nao huusafisha mdomo wa mafuta, kiasi kwamba kila kimoja humfaidi mwenzake. Kwa mlo wa namna hiyo kanuni ni sahihi na hakuna haja ya kuibishia.

Waliotunga kanuni hiyo, hata hivyo, hawakuwa na pilau wala kachumbari mbele yao. Karafuu yenyewe ina tanini, hivyo anayemwagia juu yake mvinyo mwekundu mzito anarundika ukakasi juu ya ukakasi. Pilipili ya kachumbari nayo ina kapsaisini, kemikali inayoamsha neva zinazohisi moto, na kileo huziamsha neva hizohizo, kwa hiyo kadiri mvinyo unavyokuwa mkali ndivyo pilipili inavyozidi kuwaka. Tena kuna ndimu: chakula chenye uchachu huufanya mvinyo wenye uchachu mdogo uonekane umepooza, kama uliokaa wazi tangu jana. Mfano ulio karibu ni Amarone, mvinyo mwekundu wa eneo la Valpolicella nchini Italia, unaotengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa kwanza hadi zikanyauka, wenye kileo ambacho mara nyingi hufikia asilimia 15 au kuzidi, na unaopendwa mno Uswidi hasa wakati wa baridi. Mtu akila tonge la pilau, akafuatisha kachumbari, kisha akanywa Amarone, pilipili humwaka upya kooni, iliki humpotea kabisa, na kinachobaki ulimini ni ukavu na ladha ya zabibu zilizopikwa kupita kiasi. Akirudia tonge lilelile na mvinyo mweupe wenye uchachu wa kutosha na utamu kidogo, moto wa pilipili hutulia, ndimu hupata mwenzake, na iliki hurudi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Waswidi wenyewe, ambao wenye kulaumu hudhani wanawaiga, kwa desturi yao ya zamani hawautegemei mvinyo mwekundu katika mlo wao mkuu wa Krismasi. Mlo huo, uitwao julbord, huliwa tarehe 24 Desemba na si 25, na mlaji huiendea meza kwa mizunguko: kwanza heringi, yaani samaki wadogo wa maji ya chumvi waliolowekwa katika siki, sukari na vitunguu; kisha samoni; kisha nyama baridi na paja la nguruwe lililopakwa haradali; na mwishoni vyakula vya moto, vikiwemo madonge madogo ya nyama ya kusaga, soseji fupi zinazoitwa prinskorv, na Janssons frestelse, ambayo ni viazi vilivyokatwa vyembamba vikaokwa kwa malai na samaki wa kopo. Siki na sukari ya heringi huuharibu karibu kila mvinyo mkavu, yaani mvinyo usio na sukari iliyobaki, ukaonekana mchungu na mwembamba, na ndiyo maana Waswidi hunywa bia pamoja na snaps, pombe kali iliyotiwa viungo kama kisibiti, ambayo humiminwa katika glasi ndogo na kutanguliwa na wimbo mfupi unaoimbwa na meza nzima.

Mvinyo mwekundu huonekana zaidi kabla ya mlo, katika majuma ya kungojea sikukuu, na huonekana katika sura ambayo wenye kulaumu wangepaswa kuitafakari. Kinywaji hicho huitwa glögg: ni mvinyo uliotiwa karafuu, iliki, mdalasini, tangawizi na ganda la chungwa chungu, ukatiwa sukari nyingi, ukapashwa moto bila kuchemka, kisha ukanywewa katika vikombe vidogo vyenye zabibu kavu na lozi zilizomenywa. Mtu aliyekulia Unguja au Pemba hukipokea kikombe cha kwanza cha glögg na kukuta humo harufu za jiko la kwao. La maana zaidi kwa hoja ya makala haya ni ile sukari: Waswidi, walipoukutanisha mvinyo na karafuu na iliki, waliona kwamba viungo hivyo havikubaliani na mvinyo mkavu, wakautia utamu. Mwenyeji anayechagua mvinyo mweupe wenye utamu kidogo kwa pilau anafuata akili ileile.

Kuchagua, hata hivyo, ni hatua ya pili, kwa kuwa Uswidi ni nchi ambamo mvinyo hauuzwi katika duka la vyakula. Duka la vyakula linaruhusiwa kuuza bia isiyozidi kileo cha asilimia 3.5, na vinywaji vikali kuliko hivyo, mvinyo ukiwemo, huuzwa na Systembolaget, kampuni ya serikali yenye ukiritimba wa rejareja, yaani haki ya pekee ya kumuuzia mnywaji. Historia ya utaratibu huo ni ndefu, na mgeni asiyeijua huishi akidhani anaadhibiwa bila kosa. Katika karne ya 19 ulevi wa pombe kali uliiathiri nchi kiasi kwamba vyama vya kuacha pombe, pamoja na makanisa huru na vyama vya wafanyakazi, vikawa miongoni mwa nguvu kubwa za kisiasa. Mwaka 1922, tarehe 27 Agosti, wananchi walipiga kura ya maoni kuamua kama pombe ipigwe marufuku kabisa, na marufuku hiyo ilishindwa kwa tofauti ndogo mno, kwa kuwa waliokataa walikuwa takriban asilimia 51. Msanii Albert Engström alichora bango lililopata umaarufu mkubwa, la mtu mwenye hasira anayedai kwamba kamba wa mtoni hawaliwi bila kinywaji chao, na wengi huamini kwamba bango hilo lilichangia matokeo. Kwa maneno mengine, hoja ya chakula na kinywaji kinachokifaa iliwahi kuingia katika siasa za taifa zima.

Badala ya marufuku, nchi iliendelea na utaratibu wa daktari Ivan Bratt, ambaye aliamini kwamba dawa ya ulevi ni kumfuatilia mnunuzi mmoja mmoja. Kila aliyekubaliwa alipewa motbok, yaani kijitabu kilichogongwa muhuri kila aliponunua pombe kali, na kipimo chake cha mwezi kiliamuliwa kwa kutazama jinsia, kipato na nafasi yake katika jamii, hata mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hakupewa kijitabu cha kwake, kwa kuwa cha mume kilihesabiwa kuwa cha nyumba. Utaratibu huo wa kudhalilisha ulidumu hadi tarehe 1 Oktoba 1955, ulipofutwa, na kampuni za mikoa zikaunganishwa kuwa Systembolaget moja ya taifa. Hata baada ya hapo serikali haikumwachia mnunuzi nafasi kubwa: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka hayo yalifungwa Jumamosi nzima, hadi yaliporuhusiwa kufunguliwa tena siku hiyo kote nchini mwaka 2001, na mpaka miaka ya 1990 mteja alisimama mbele ya kaunta na kutaja anachotaka, kwa kuwa hakuruhusiwa kuishika chupa kabla ya kuilipia. Uswidi ilipojiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 1995, mwenye duka la vyakula aitwaye Harry Franzén aliuza mvinyo dukani mwake siku hiyohiyo ili aujaribu ukiritimba mahakamani, na mwaka 1997 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba ukiritimba wa rejareja haupingani na sheria za umoja huo.

Matokeo ya historia hiyo kwa mwandaaji wa Krismasi ni kalenda kali. Jumamosi maduka hufungwa saa tisa alasiri au hata mapema zaidi, Jumapili hayafunguliwi, na tarehe 24, 25 na 26 Desemba yote hufungwa, kwa hiyo mwaka ambao tarehe 27 ni Jumapili nchi nzima hukaa siku nne mfululizo bila duka la Systembolaget lililo wazi. Hakuna punguzo kwa anayenunua nyingi, na hakuna chupa iliyopozwa, kwani vinywaji huuzwa vikiwa na joto la duka. Dar es Salaam na Nairobi mtu hununua mvinyo wake supamaketi, pamoja na mchele na vitunguu, na hakuna anayemdhania ubaya. Hali hiyo humheshimu mtu mzima kuliko utaratibu wa Uswidi, na ni vigumu kuona kwa nini mama wa familia aliyekamilisha zamu ya hospitali Jumamosi alasiri ahesabiwe kuwa hatari kwa afya ya taifa kwa sababu anataka chupa moja ya kuwapokelea wageni. Kwa upande wa pili, bei ya chupa ni ileile Kiruna na Malmö, wauzaji wamefundishwa kazi yao vizuri, na maelezo yanayotolewa juu ya kila mvinyo ni ya wazi kuliko ya maduka mengi ya nchi nyingine, na hapo ndipo mwenyeji wa pilau anapopata silaha yake.

Maelezo ya mvinyo mweupe huambatana na miduara midogo inayofanana na uso wa saa, iliyojazwa rangi kwa kadiri ya kipimo cha 1 hadi 12: mmoja huonyesha utamu, mwingine uzito, yaani jinsi mvinyo unavyoujaza mdomo, na mwingine uchachu wa matunda. Kwa mvinyo mwekundu mduara wa utamu hubadilishwa kwa mduara wa ukakasi. Chini yake huandikwa kiasi cha sukari kwa gramu katika kila mililita 100, pamoja na asilimia ya kileo. Kwa pilau, kuku wa nazi na mbuzi wa kuchoma, anayetafuta mvinyo mweupe atazame mduara wa uchachu uwe umejaa zaidi ya nusu, kileo kisizidi asilimia 13, na sukari iwepo lakini isitawale. Anayeshikilia mwekundu atazame mduara wa ukakasi, na uwe mdogo.

Chaguo la kwanza ni Riesling ya bonde la mto Mosel nchini Ujerumani, hasa iliyoandikwa Kabinett bila neno trocken, neno ambalo humaanisha kwamba mvinyo ni mkavu. Kileo chake mara nyingi ni kati ya asilimia 8 na 10, na utamu wake husimamishwa na uchachu mkali, hivyo haukinaishi. Chaguo la pili, ambalo pengine ndilo lenye maana zaidi kwa meza ya watu wa Afrika Mashariki, ni Chenin Blanc, zabibu nyeupe iliyotoka bonde la Loire nchini Ufaransa, ambayo leo hulimwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini na hupatikana kwa urahisi katika rafu za Uswidi. Zabibu hiyohiyo hulimwa Dodoma, ambako kilimo cha mzabibu kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambako jua na majira ya kiangazi huwezesha mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Mtu mwenye umri wa miaka 20 au zaidi anayerudi kutoka likizo Tanzania anaruhusiwa kuingia Uswidi na lita 4 za mvinyo usio na mapovu bila kulipa ushuru, na chupa za Dodoma zilizofungwa ndani ya kanga katikati ya sanduku huonekana kwenye meza nyingi za Krismasi kwa njia hiyo. Kwa wasiokubali mbuzi bila mvinyo mwekundu ipo Gamay ya Beaujolais, ambayo ina ukakasi mdogo na hunywewa ikiwa imepozwa kidogo, karibu nyuzi 13.

Upozaji hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa Desemba ya Uswidi huufanya yenyewe: chupa ikiwekwa barazani alasiri huwa tayari jioni, lakini isiachwe huko usiku wa baridi kali, kwa sababu mvinyo ukiganda hutanuka na kukisukuma kizibo nje. Wageni Waislamu, ambao hawakosekani katika meza yoyote ya Waswahili, wasiwekewe chupa mbele ya sahani zao. Mvinyo ukae meza ya pembeni pamoja na glasi zake, na nyama isipikwe kwa mvinyo hata kidogo, ili sinia liwe la wote.

Wanaobaki ni watoto, na watoto waliozaliwa Uswidi wana msimamo wao juu ya mvinyo wa Krismasi. Kuna kampeni iitwayo Vit jul, iliyoanzishwa na jumuiya ya kuacha pombe ya IOGT-NTO, inayowaomba watu wazima wasinywe wakati wa Krismasi kwa ajili ya watoto wao, na ujumbe wake huwafikia watoto wengi. Mtoto wa miaka tisa hurudi nyumbani na kumuuliza baba yake, kwa Kiswidi, atakunywa glasi ngapi. Swali hilo, ambalo nyumbani kwa bibi lingehesabiwa kuwa utovu wa adabu, linastahili jibu la kweli, na mzazi anayejibu kwamba ni glasi moja au mbili pamoja na chakula, kisha akatimiza neno lake, amemfundisha mtoto jambo ambalo kijitabu cha Bratt hakikuweza kumfundisha mtu yeyote. Watoto hao pia ndio wanaoisoma ile miduara kwa haraka kuliko wazazi wao, na wanaomwelekezea bibi, aliyeko Moshi au Bukavu, simu ya video ili aione meza yote, chupa zikiwemo.

Ratiba ya mlo nayo imo mikononi mwao. Tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri, televisheni ya taifa huonyesha Kalle Anka, mkusanyiko wa katuni za Disney ambao umerushwa kila Krismasi kwa zaidi ya miaka 60, na hakuna mtoto wa shule ya Uswidi anayekubali kuikosa, kwa kuwa kila sentensi yake anaijua kwa moyo na ataulizwa na wenzake. Mzazi aliyepanga kula saa nane huahirisha, pilau huachwa chini ya mkaa, na Riesling hurudishwa barazani kwa saa moja zaidi. Mtoto wa kwanza, akiwa na miaka 17, huwa hana hamu tena ya katuni na hutaka kwenda dukani na mama, ingawa sheria haimruhusu kununua hadi atimize miaka 20, na muuzaji akishuku kwamba kinywaji kinanunuliwa kwa ajili yake anaweza kukataa kumuuzia mama pia. Wadogo zake hawajali hayo yote, mradi julmust ipo. Hicho ni kinywaji cheusi chenye mapovu, kisicho na kileo, kilichobuniwa na Robert Roberts na mwanawe Harry mwaka 1910 ili kiwe badala ya bia, na huuzwa katika duka la kawaida la vyakula, ambako Desemba huipita hata Coca-Cola kwa mauzo. Baada ya sikukuu huondolewa rafuni, na wakati wa Pasaka hurudi kikiitwa påskmust. Watoto hushikilia kwamba ladha imebadilika, na hakuna mzazi aliyefanikiwa kuwashawishi vinginevyo, kwa hiyo ni busara kununua makreti mawili Desemba na kuficha moja.